Nusu ya Ungo: Uchambuzi wa Kisa cha Kupoteza Uga wa Kuona Baada ya Kiharusi

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mwanamke wa makamo, mkazi wa Nakuru, aliyepoteza nusu ya kulia ya uga wake wa kuona, yaani eneo lote ambalo mtu huliona akiwa amekaza macho mbele, baada ya kupatwa na kiharusi. Jina lake, mtaa wake, vituo vilivyomhudumia na baadhi ya mambo ya familia yake vimeondolewa au kubadilishwa. Nitamwita Mama Nafaka kwa sababu ya biashara yake. Nimekiandika kwa ajili ya wenzangu tunaofanya kazi ya kuwarudishia watu uwezo wa shughuli za kila siku baada ya kiharusi, na pia kwa jamaa za wagonjwa, kwa kuwa swali lililotawala kisa chote, yaani kama ubongo unaweza kufundishwa kuona tena, huulizwa mara nyingi na kujibiwa ovyo: wengine husema hakuna la kufanya, wengine huuza matumaini kwa dola.

Usuli

Mama Nafaka alikuwa na umri wa miaka 56. Alikuwa na duka la nafaka lililouza mahindi yaliyoletwa kutoka Trans Nzoia, maharagwe ya aina kadhaa, njahi, ndengu na kamande, kwa gorogoro na kwa gunia. Hesabu za wadeni aliziweka mwenyewe katika daftari, na pikapu ya duka aliiendesha mwenyewe. Shinikizo la damu lilikuwa limegunduliwa miaka kadhaa kabla, lakini alilitibu kwa vipindi: dawa zikiisha alingoja hadi kichwa kimuume ndipo anunue nyingine. Kisukari hakuwa nacho. Mapigo ya moyo wake hayakuwa yamewahi kupimwa kwa mashine.

Wiki ambazo hakuna aliyejua

Asubuhi moja akiwa dukani alishikwa na maumivu makali ya kisogo, kizunguzungu na kichefuchefu. Akaketi, akatengenezewa chai ya tangawizi, na baada ya saa chache maumivu yakapungua. Mdomo haukuwa umepinda, mkono haukulegea, na maneno hayakumpotea. Kwa kuwa watu wengi wanaujua ugonjwa wa kiharusi kwa dalili hizo tatu, hakuna aliyeufikiria. Yeye mwenyewe alisema tu kwamba jicho lake la kulia limeingia ukungu, na wiki hiyo hiyo akaenda kwenye duka la miwani. Huko alisoma herufi za ubaoni hadi mistari ya chini, akaambiwa kwamba macho yake ya mbali ni mazuri, akauziwa miwani ya kusomea.

Miwani ile haikuwa na kosa lolote, ila haikuhusika na tatizo. Ubao wa herufi hupima makali ya kuona katika kitovu cha macho peke yake. Mtu aliyepoteza nusu nzima ya uga wa kuona aweza kuisoma herufi moja moja bila kukosea, mradi apewe muda wa kuitafuta, na hapo hutoka na cheti cha macho mazima huku akigonga miimo ya milango.

Katika wiki zilizofuata dalili zilijitokeza mahali ambapo hakuna daktari aliyekuwapo kuziona. Wateja waliosimama upande wa kulia wa meza hawakuhudumiwa, nao wakaanza kusema kwamba siku hizi Mama ana maringo. Bega lake la kulia lilikuwa na michubuko ya kugonga magunia. Ugali aliumaliza, lakini mboga zilizowekwa upande wa kulia wa sahani alizirudisha jikoni. Daftarini, kiasi cha 3500 kilichoandikwa bila mkato alikisoma 350, na si kila mdeni aliyeona haja ya kumsahihisha. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa akimsaidia dukani, alianza kuhofia kwamba mamake anapoteza kumbukumbu.

Aliyegundua ni afisa wa kliniki katika kituo cha afya, ambako Mama Nafaka alikuwa amekwenda kuchukua dawa za presha. Aliposikia habari ya jicho la kulia, alimwomba alifunike kwa kiganja, amtazame puani, aseme ni vidole vingapi vinavyoonyeshwa pembeni. Kwa jicho la kushoto peke yake, ambalo mgonjwa aliliamini kuwa zima, vidole vya upande wa kulia havikuonekana kabisa. Walipobadilisha jicho, mambo yalikuwa yale yale. Kipimo hicho huchukua chini ya dakika mbili na hakihitaji chombo chochote. Maana yake ni kwamba kasoro haipo machoni. Kila jicho hugawanya picha yake, na habari za upande wa kulia wa ulimwengu kutoka macho yote mawili huishia nyuma ya ubongo upande wa kushoto. Tatizo likiwa la jicho moja, kulifunika jicho hilo huliondoa. Likiwa la ubongo, hubaki pale pale. Hali hiyo huitwa hemianopia.

Afisa yule alishika pia mshipa wa mkono, akaona mapigo yanakwenda bila mpangilio. Hospitali ya rufaa ilithibitisha mambo yote mawili: skani ya kichwa ilionyesha kovu la kiharusi katika eneo linalolishwa na ateri ya nyuma ya ubongo upande wa kushoto, na kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, ambao hutengeneza mabonge ya damu yanayoweza kusafiri hadi kichwani. Akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda na matibabu ya kudumu ya shinikizo la damu. Muda wa kuyeyusha bonge kwa dawa, ambao kwa kawaida ni saa 4.5 tangu dalili zianze, ulikuwa umepita zamani.

Hali yake alipotufikia

Alifika kwetu miezi miwili hivi baada ya ile asubuhi ya maumivu. Kipimo cha uga wa kuona kwa mashine kilionyesha nusu ya kulia imefifia katika macho yote mawili, ukingo wa upofu ukiwa karibu sana na kitovu. Tulilazimika kwanza kutenganisha hali mbili zinazofanana kwa nje. Kuna wagonjwa wasioona upande mmoja, na kuna wagonjwa ambao ubongo wao umeacha kuujali upande huo, hata hawajui kwamba upo. Mama Nafaka alichora saa yenye tarakimu zote mahali pake, na alipoombwa kugawa mstari katikati alikosea kidogo kuelekea kulia, yaani kuelekea upande wa upofu, kama wafanyavyo wenye hemianopia. Wenye tatizo la kutojali hukosea kuelekea upande wa pili. Zaidi ya hayo, alijua anachokosa. "Mwanangu," aliniambia, "upande huu si giza. Ni kama haujaumbwa."

Vipimo vya karatasi havikutosha kutuambia angeweza kufanya nini dukani, kwa hiyo tukatumia ungo. Tulimwaga maharagwe ya rangi ya njano, tukatia kokoto nyeusi 20, kumi kila nusu, tukamwomba achambue kama afanyavyo siku zote. Vidole vyake vilipita juu ya nafaka kwa wepesi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu utotoni, vikaokota kokoto za kushoto zote, vikafika katikati ya ungo, vikasita, vikarudi kushoto kutafuta tena mahali palipokwisha kusafishwa. Za kulia alipata mbili, zote mbili jirani na katikati. Kisha akaupeta ungo, akausukuma mbele kuashiria kwamba amemaliza. Mwanawe, aliyekuwa amesimama nyuma yake, aliona katika dakika chache zile jambo ambalo maelezo yetu yote hayakuwa yamemwonyesha, na sidhani kwamba baada ya siku hiyo aliwahi tena kutaja kumbukumbu.

Jambo moja zaidi lilijitokeza siku hiyo. Mjukuu alipokimbia kutoka kulia, bibi yake aligeuka kabla mtoto hajaingia upande anaouona. Alisema kwamba vitu vinavyokwenda huvihisi, vilivyosimama havioni. Hali hii iliandikwa na daktari Mskoti George Riddoch mwaka 1917, alipowachunguza askari waliojeruhiwa kisogoni vitani: baadhi yao walitambua mwendo katika sehemu ambayo hawakuona kitu kilichotulia. Ubongo una njia nyingine za kupitisha habari za mwendo zisizotegemea sana eneo lililoharibika. Kwa familia, hata hivyo, tukio hilo lilikuwa na tafsiri moja tu, kwamba macho yanarudi.

Uamuzi mgumu: programu ya kwenye intaneti

Mpwa wake anayefanya kazi Nairobi alikuwa amepata kwenye simu habari za tiba ya kompyuta inayodai kurudisha uga wa kuona kwa kufundisha ubongo. Mgonjwa hukazia macho nukta iliyo katikati ya kioo, na taa ndogo huwaka karibu na ukingo wa upofu, naye hubonyeza kitufe kila aonapo mwanga. Hufanya hivyo karibu nusu saa, mara mbili kwa siku, kwa miezi sita. Gharama ilikuwa maelfu ya dola. Familia ilikuwa tayari kuuza pikapu. "Shangazi ametulea sisi sote," mpwa alisema, "gari ni nini?"

Hatukuweza kuipuuza hoja yake, kwa sababu tiba hiyo si utapeli uliotungwa hewani. Watafiti wa Ujerumani, akiwamo Erich Kasten na Bernhard Sabel, walichapisha mwaka 1998 katika jarida la Nature Medicine matokeo yaliyoonyesha uga wa kuona ukipanuka baada ya mazoezi ya namna hiyo, na mwaka 2003 kifaa kilichotokana na kazi hiyo kikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Shida ilikuja katika kupima. Mtu anayefanya mazoezi hayo kwa miezi hujifunza, bila kujua, kutupia jicho upande wa upofu kwa haraka mno, na mashine ya kawaida huhesabu mtupo huo kuwa ni uga uliopanuka. Mwaka 2005 utafiti uliofanyika Tübingen, ambao Kasten na Sabel wenyewe walikuwa miongoni mwa waandishi wake, ulitumia chombo kinachoitazama retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, moja kwa moja wakati wa kipimo ili jicho lisiweze kuhama bila kuonekana. Ukingo wa upofu ulikuwa karibu pale pale ulipokuwa kabla ya mazoezi.

Uamuzi wetu ulitokana hasa na jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2017, likiongozwa na Fiona Rowe wa Liverpool. Watu 87 waliopata hemianopia baada ya kiharusi waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliopewa miwani ya prizimu (vioo vinavyopinda mwanga ili kusogeza picha za upande wa upofu), waliofundishwa kutafuta kwa macho, na waliopewa maelezo tu. Eneo la uga wa kuona halikutofautiana kati ya makundi. Lakini waliofundishwa kutafuta kwa macho waliripoti maisha bora yanayohusiana na kuona, na wengi wa waliovaa prizimu walilalamikia maudhi, yakiwamo maumivu ya kichwa.

Ipo njia ya tatu ambayo sikutaka kuificha. Krystel Huxlin na wenzake wa Rochester, Marekani, wameonyesha tangu mwaka 2009 kwamba mgonjwa akifanyishwa mazoezi ya kutambua mwelekeo wa nukta zinazotembea ndani ya eneo la upofu, mahali palipofanyiwa mazoezi huweza kurudisha sehemu ya uwezo wake, na utafiti wao wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kuanza katika miezi ya mwanzo huleta mafanikio ya haraka zaidi. Mama Nafaka, mwenye hisia ya mwendo na kiharusi cha miezi miwili, angefaa kabisa. Ila mazoezi hayo huhitaji mashine inayofuatilia jicho ili kuhakikisha kwamba halihami, nayo hatukuwa nayo. Kuyafanya bila mashine kungekuwa kurudia kosa lile la kupima mtupo wa jicho na kuuita tiba.

Tulikubaliana na familia juu ya mambo mawili, tukayaandika. La kwanza, lengo halingekuwa kurudisha uga uliopotea, bali kuyafundisha macho kwenda yenyewe upande ambao ubongo haujui kuyatuma. La pili, pikapu haingeuzwa kulipia programu. Mpwa alitia sahihi kwa shingo upande.

Mazoezi yenyewe

Mtu mwenye hemianopia, akiachwa peke yake, hufanya mojawapo ya makosa mawili: hutazama upande wa upofu kwa vihatua vidogo vidogo ambavyo havifiki mbali, au hugeuza kichwa kizima na kukiacha huko. Fundisho letu la msingi lilikuwa mtupo mmoja mkubwa wa macho kuelekea kulia, upite kabisa mahali anapodhani kitu kipo, kisha macho yarudi kushoto yakichambua njiani. Macho hutangulia, kichwa hufuata kama kuna haja.

Tulianza na vifuniko vya soda vilivyopangwa mezani, kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo. Alivichoka haraka, na alikuwa na haki. Ungo uliporudi mezani, aliongeza mwenyewe muda wa mazoezi nyumbani. Tulipanga ugumu kwa aina ya nafaka: kwanza maharagwe ya njano na kokoto nyeusi, kisha maharagwe aina ya nyayo, ambayo madoadoa yake huchosha macho, na mwisho aina ya wairimu, ambayo rangi yake ya damu ya mzee huficha kokoto za udongo mwekundu hata kwa mtu mwenye macho mazima. Binti mkwe ndiye aliyezihesabu kokoto na kuandika matokeo ukutani kwa makaa.

Kusoma kulihitaji mpango wake. Anayesoma kutoka kushoto kwenda kulia hutegemea kuona herufi kadhaa zilizo mbele ya neno analolisoma, na huko mbele ndiko kulikopotea. Kiswahili humwongezea mzigo mtu wa namna hii, kwa kuwa kitenzi kimoja huweza kubeba sentensi nzima na mzizi wake hukaa mbali na mwanzo: mbele ya "hatutawalipia" aliona "hatuta" akaanza kubuni. Chuo cha University College London (UCL) kina tiba ya maandishi yanayosogea kutoka kulia kwenda kushoto, ambayo hulivuta jicho kufuata maneno na kulilazimisha kurudi kulia kwa mruko, mara nyingi bila msomaji kukusudia. Wazo hilo tulilitekeleza kwa kadibodi iliyokatwa dirisha dogo na ukanda mrefu wa karatasi ulioandikwa kwa kalamu nene, ambao mjukuu aliuvuta taratibu nyuma ya dirisha. Kwenye ukanda tuliandika maneno ya aina anayoyasoma kila siku, yaani majina ya bidhaa, kiasi cha fedha na ujumbe wa malipo ya simu. Katika daftari la madeni tulichora mstari mwekundu ukingoni mwa kulia wa kila ukurasa, na kanuni ikawa kwamba tarakimu haisomwi kwa sauti mpaka jicho liuone wekundu. Njia ya kugeuza ukurasa ili mistari ishuke kutoka juu kwenda chini tuliijaribu pia. Aliikataa siku ya kwanza, akisema kwamba hajawa mtoto wa kuchezea vitabu.

Dukani, mwanawe alihamisha mizani, droo ya fedha na kiti cha wateja hadi kushoto kwake. Nyumbani, jiko la makaa lilihamishwa vivyo hivyo. Aliyemsindikiza alitembea kulia kwake.

Mambo mawili yaliyovuruga safari

Katika mwezi wa pili wa mazoezi aliacha ghafla kuja. Binti mkwe ndiye aliyepiga simu na kueleza, kwa sauti ya chini, kwamba Mama anaona watoto. Magharibi ilipoingia, kulia kwake walipita watoto waliovaa sare ambazo si za shule yoyote aijuayo, hawasemi, hawamwangalii. Alikuwa ameyaficha hayo kwa muda, kwanza akidhani ni macho yanayorudi, kisha akihofia kwamba ataitwa mwendawazimu au kwamba amerogwa. Alikuwa ameombewa. Kwa bahati njema dawa zake hakuziacha.

Maruweruwe ya aina hii yanajulikana vizuri. Sehemu ya ubongo iliyozoea kupokea picha, ikinyimwa picha, huweza kujitengenezea zake, na mara nyingi hupungua yenyewe baada ya wiki au miezi. Hata hivyo hatukumtuliza kwa maneno tu, kwa sababu kovu la kiharusi laweza pia kuleta kifafa chenye sura ya maono. Daktari wa mishipa ya fahamu alimchunguza: picha zilidumu muda mrefu, zilikuwa tulivu, hazikuambatana na kupotewa na fahamu wala kutikisika, na mgonjwa alijua kwamba si za kweli. Akashauriwa aongeze mwanga jioni, na watoto wanapotokea ayatupe macho kushoto na kulia kwa nguvu. Alipoambiwa kwamba wengine wengi huyaona kama hayo na si wazimu, alilia, kisha akauliza kwa nini hatukumwambia mapema. Wagonjwa wote wa hemianopia tunaowapokea sasa huelezwa jambo hilo katika mkutano wa kwanza, na pasta wa mtaa wake amekuwa akilieleza pia.

La pili lilitokea barabarani. Nchini Kenya magari huenda kushoto, kwa hiyo anayeshuka ukingo wa barabara hufikiwa kwanza na gari linalotoka kulia. Kwa aliyepoteza uga wa kulia, hatari ya kwanza hutoka mahali hasa asipoona. Kokoto za ungoni zilikuwa zikipatikana karibu zote, na kwa kujiamini huko alivuka peke yake kununua sukari. Boda boda ilimgusa kiwiko na kumwangusha. Alipata mikwaruzo na uvimbe mkubwa uliotokana na dawa ya kuzuia damu kuganda. Hospitalini walimpiga picha ya kichwa kwa sababu hiyo hiyo, nayo ikawa safi.

Matokeo

Miezi minane baada ya kiharusi, kipimo cha mashine kilionyesha nusu ya kulia bado imepotea, isipokuwa kipande chembamba cha chini kilichofunguka. Mpwa alikitaja kipande hicho kuwa ushahidi kwamba tungepata zaidi kama tungenunua programu. Sikubaliani naye. Uga huweza kujifungua wenyewe kwa kiasi, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, na mara chache sana baada ya miezi sita, mgonjwa afanye mazoezi au asifanye. Kipande kile hakiwezi kuhesabiwa kuwa cha ungo wala cha kadibodi.

Kilichobadilika kilionekana mahali pengine. Kokoto za kulia alizipata nane au tisa kati ya kumi, hata katika wairimu. Ujumbe wa malipo aliusoma hadi mwisho bila kuurudia, ingawa gazeti bado lilimchosha baada ya aya chache. Malalamiko ya wateja yaliisha. Maruweruwe yalibaki kuwa nadra. Barabara aliruhusiwa kuvuka akiwa na mtu, au peke yake katika sehemu yenye taa tu.

Gari hakuliendesha tena. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kuliko hata watoto wa magharibi. Pikapu huendeshwa na mwanawe, naye hukaa kiti cha abiria, ambacho kwa gari la Kenya kiko kushoto, dereva akiwa upande wake asiouona. Anasema kwamba anasafiri na sauti.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kulitaja lengo waziwazi kabla ya zoezi la kwanza. Familia iliyoahidiwa kurudishiwa macho ingehesabu kila mwezi kuwa wa hasara, hata siku ambazo mgonjwa alisoma daftari lake vizuri. Familia iliyokubali kuyafundisha macho kutafuta iliweza kuona maendeleo ukutani, kwa alama za makaa.

Zoezi la ungo lilifaa kwa sababu lilikuwa kazi yake. Lakini udhaifu wake ulikuwa humo humo. Ungo ni mdogo, umetulia, uko umbali wa mkono, na huchambuliwa kwa muda mtu apendao. Barabara ni pana, inakwenda, na haingoji. Ustadi wa kutupa macho mezani haukuhamia barabarani wenyewe, na alama nzuri za ukutani zilimpa mgonjwa na jamaa zake imani ambayo zoezi halikuwa limeistahili. Mpango wetu uliweka mazoezi ya barabarani mwishoni, kama hatua ya juu ya kufuzu. Yangepaswa kuanza wiki ya kwanza, kwa mtu kusimama tu ukingoni na kutaja kwa sauti kila kinachotoka kulia, bila kuvuka.

Ucheleweshaji wa utambuzi haukutokana na uhaba wa mashine. Ulitokana na swali ambalo halikuulizwa. Mgonjwa anaposema "jicho la kulia", mara nyingi humaanisha upande wa kulia, na anayemsikiliza humwamini neno kwa neno. Kufunika jicho moja baada ya jingine na kuonyesha vidole kungeweza kufanyika dukani kwa miwani siku ile ile, na rufaa ya haraka ingeleta dawa ya moyo wiki kadhaa mapema. Katika wiki hizo bonge la pili lingeweza kutoka wakati wowote. Kwamba halikutoka si sifa ya mtu yeyote.

Kuhusu tiba ya kompyuta, uamuzi wa kutoinunua ulikuwa sahihi kwa ushahidi uliokuwapo, lakini hoja ya mpwa haijafa. Mazoezi ya mwendo yakifanywa mapema, kwa mashine inayolinda jicho lisihame, yana msingi wa kisayansi ambao taa za ukingoni hazikuwa nao, na mgonjwa kama huyu ndiye angefaidika. Tumemwomba mpwa, ambaye anazielewa kompyuta kutuzidi, atutafutie bei ya kamera ya kufuatilia jicho. Amekubali, kwa sharti kwamba safari hii asiitwe tena kutia sahihi karatasi ya kukataa.

Mama Nafaka anaendelea na kliniki ya moyo kila mwezi. Kipimo kingine cha uga wa kuona kimepangwa mwaka ujao, baada ya msimu wa mavuno, kwa kuwa kabla ya hapo alisema hana nafasi.